Makatoni Chini ya Ngazi

Adhana ya Adhuhuri ilimkuta Siwema anamfungia mteja soksi. Alitupa kitambaa juu ya meza yake, akamgeukia Euphrasia wa meza ya pili.

"Niangalizie, shosti. Mgambo wakija, zoa zangu kwanza."

"Zako kwanza? Na zangu mimi Mkristo azoe nani?" Euphrasia akacheka. "Nenda. Na mimi uniombee wateja."

Siwema akakata uchochoro hadi mlango wa pembeni wa msikiti, ule wa wanawake. Lori lilikuwa limeziba njia na makuli walikuwa wakipandisha makatoni ghorofani. Akapanda, akachungulia. Pale alipozoea kuswali, kandambili za plastiki zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Vigae vya sakafu ile walivichangia wanawake. Sasa vilionekana vitatu tu, karibu na mlango.

Alishuka akamkuta Bi Shukuru, muuza ubani, amesimama chini ya ngazi, maji ya udhu yanamdondoka viwikoni. Mbele yake alikuwa Nurdin, katibu wa msikiti, simu mkononi.

"Kamati imepapangisha," Nurdin alisema. "Msikiti unahitaji kipato. Na dini yenyewe, mama zangu, inasema swala bora ya mwanamke ni ya nyumbani kwake."

"Nyumbani kwangu Chanika, katibu," Siwema akasema. "Nikienda nikirudi, sokoni wameshafunga. Kwenye hiyo kamati mwanamke ni nani?"

"Swali hilo lete kwenye kikao."

"Kikao kinakaa wapi?"

Nurdin akatazama simu yake. "Ukumbi wa wanaume."

Bi Shukuru hakungoja zaidi. Akatandika mkeka pale pale, kati ya mlango na ngazi, nafasi ya watu wawili waliobanana. "Kibla ni ile ile," alisema. Wakasimama bega kwa bega, wakaleta takbira.

Kuli mmoja akaingia na katoni kichwani, akasita. Kuifikia ngazi ilikuwa lazima apite mbele yao.

"Pita," Nurdin akamnong'oneza.

"Mbele ya watu wanaoswali? Si wewe uliyetukataza darsani? Pita wewe nione."

Akatua katoni, akalikalia. Nyuma yake wakaja wengine, nao wakatua. Lori likapiga honi.

Wanawake wakamaliza, wakatoa salamu. Kuli akainuka. Bi Shukuru akauliza bila kugeuka, "Siwema, una swala ulizozipitisha? Za kulipa?"

"Ninazo, Bi."

"Mimi ninazo tangu usichana wangu, na nilikuwa msichana mtundu. Tuzilipe."

Wakasimama tena. Siwema alikuwa kwenye sijda, paji la uso kwenye mkeka, aliposikia filimbi mtaani, kisha meza zikiburutwa na watu wakikimbia. Soksi zile ndizo chakula cha wanawe. Hakunyanyua kichwa mpaka sijda ilipotimia.

Alipotoa salamu, Nurdin alikuwa amechuchumaa kando yake. Sauti ilikuwa laini, kama ya mtu anayetoa pole.

"Mgambo wako kwenye meza zenu, Bi Siwema. Kimbia. Mungu anaujua udhuru wako."

Siwema akautazama mlango. Akayatazama makatoni, na kuli aliyekwisha kushika moja.

"Euphrasia yupo," alisema. Akainuka, akajitanda kanga vizuri, akatia nia ya swala nyingine.