Mama Ishirini na Mmoja wa Watoto Tisa

Mkaguzi wa shule kutoka Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, alishuka mashuani na mkeka wake wa heshima umefungwa kiunoni kama ilivyo desturi ya huko, kalamu mbili mfukoni, na uso wa mtu aliyetapika njia nzima. Aliketi ukumbini mwa kanisa, akafungua daftari la chekechea. Majina ishirini na moja. Akahesabu vichwa. Tisa.

"Mwalimu Kalolaine, hawa kumi na wawili wamemezwa na papa?"

Kalolaine alihisi masikio yakiwaka. Wakiwa chini ya kumi na tano shule inafungwa, na watoto wanarudi kulelewa na nguruwe.

Mkaguzi akaanza kuita. "Sitiveni wa Meleane?" Kitoto kimoja kikanyoosha mkono. "Sitiveni wa Vika?" Kikanyoosha mkono wa pili. "Sitiveni wa Lavinia?" Mikono ilikuwa imekwisha, kikainua mguu.

"Mama yako ni nani hasa, wewe?"

"Hao wote," kikajibu.

Vika akasimama nyuma, kati ya akina mama. "Dada yangu alimzaa, mheshimiwa. Kuzaa ni siku moja. Kufua nguo zake je?"

"Na kwangu ndiko anakolala!" akadakia Lavinia.

Hivyo ndivyo daftari lilivyojaa. Kila mama alikuja na kikapu chake cha majimbi kumwandikisha mwanawe, na Kalolaine angemwambia yupi kwamba si mama?

"Kwenu ni baraka," akasema mkaguzi. "Kwa wizara ni mtoto mmoja." Kisha akaelekeza kalamu dirishani, ambako pua sita zilikuwa zimepangwa juu ya kizingiti. "Na wale?"

"Wale bado hawajui kwenda chooni." Kalolaine aliinamisha kichwa. "Mimi niliwakataa. Nataka shule bora, mzee. Safi."

"Nimesoma kanuni zote. Hakuna inayotaja matako."

Kalolaine alitazama mikeka aliyoisugua tangu alfajiri. Chuoni walimfundisha nyimbo, rangi na hesabu za kokoto. Nani anapangusa, hawakusema. Mwaka mzima zile pua zilikuwa pale dirishani, na mwaka mzima yeye alikuwa akifunga pazia.

"Mama ishirini na mmoja, matako sita!" Vika akapiga makofi. "Tutagombania!"

Kalolaine akafungua mlango. Wale sita wakaingia mbio kama kuku walioona nazi, na mkaguzi akaandika kumi na tano kwa wino. Wino haujakauka, Pisila, mdogo kuliko wote, akachuchumaa katikati ya mkeka mpya, akakunja uso kwa bidii, akamaliza shughuli yake.



"Haya," akasema Kalolaine. "Mama wa huyu ni nani?"

Lavinia akachunguza dari. Vika akakumbuka chungu alichoacha motoni. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kisiwa, mtoto hakuwa na mama hata mmoja.

Pisila akaanza kutetemesha mdomo.

Kalolaine akakunja mikono ya gauni, akambeba akimweka mbali kidogo na kifua, halafu karibu.

"Wangu," akasema. "Mwandike hivyo."