Jiwe la Mlangoni mwa Hori

Mwanga ulitoka chini. Ulipanda kutoka kwenye meza ya kioo, ukapenya karatasi ya kuchorea, ukaing'arisha bahari yote mbele ya Mahfudha. Nje ya dirisha Maskati ilikuwa vumbi tupu, vumbi la Julai, vumbi la barabara ya Ghubra. Yeye hakuliona. Yeye alikuwa kaskazini, mbali kaskazini, akitembea kwa ncha ya kalamu kwenye rasi ya Musandam.

Rasi gani ile, jamani! Milima inashuka wima mpaka majini, na ikifika majini haikomi. Bahari imeingia mabondeni ikachonga mahori, hori ndani ya hori, na katika kila hori vijumba vichache visivyo na barabara. Ni Oman ile, lakini ukiifuata kwa gari huna budi kwanza upite nchi ya watu.

Waingereza waliipima zamani, miaka ya elfu moja mia nane na ishirini, kwa matanga na kwa bildi, ile risasi yenye kamba ya kupimia kina. Joto liliwachemsha, homa ikawalaza, nao wakapima. Mahfudha aliwapenda, kusema kweli. Kwa miaka kumi na moja alinakili kazi yao mpaka mkono wake ukawazoea. Ila mlangoni mwa hori moja, mmoja wao alichora msalaba na kuandika pembeni: jiwe, hakuna hakika.

Msalaba mdogo. Mdogo kama punje ya ufuta.

Mwaka 1998 aliingia ofisini kwao, ofisi ya ramani za bahari, mama mmoja, jicho limefungwa bandeji, katoka kupasuliwa mtoto wa jicho. Jina lake Wadha, mwenyeji wa hori lile lile. Alisema kwa Kiarabu cha kwao, "Nimeambiwa humu ndimo mnamoiandika bahari."

Akaeleza. Kwao hakuna maji matamu, wanaletewa kwa meli. Meli ya zamani ilikuwa ndogo, ikiingia bila kuuliza. Hii mpya ni kubwa, na nahodha wake hendi popote bila ramani. Kauona msalaba, kagoma. Anatia nanga nje, kwenye mawimbi, na wanawake wanamfuata kwa mashua na madumu. Mwezi uliopita bahari ilichafuka, siku sita wasipate hata tone.

"Tangu babu zetu hatujaligonga jiwe hilo," alisema Wadha. "Lakini hali ikiendelea hivi tutahama. Mtu hanywi milima."

Mahfudha alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake, Murshid, aliyekulia Mwanza na ambaye huzungumza naye Kiswahili.

"Lisemwalo lipo, dada Mahfudha, na kama halipo laja," Murshid alisema. "Jiwe likishaandikwa halifutwi mpaka mtu alitafute alikose. Ndiyo sheria ya kazi yetu."

"Laja! Miaka mia na sabini laja? Jiwe gani hilo, latambaa kwa magoti? Basi nnakuomba, mpeleke mtu akalitafute."

Murshid akacheka, na aliyecheka keshakubali nusu. Boti ya upimaji ilikuwa inakwenda huko huko. Ikaongezewa siku mbili.

Siku mbili boti ilikwenda ikirudi mlangoni mwa hori, kama mama anayefagia ua. Ikaja faksi: kina mita thelathini, mchanga mtupu, jiwe hakuna. Labda yule bwana wa zamani aliona mgongo wa nyangumi. Labda ni lile joto. Tusimcheke, maskini.

Mahfudha akashika wembe, na hapo akaogopa. Aliogopa hasa. Kama boti imelipita jiwe bila kuliona, basi meli na watu wake watazama kwa mkono huu. Akasoma faksi mara ya tatu. Akasema bismillahi, akakwangua. Msalaba mdogo, mdogo kama punje ya ufuta, ukawa unga mweusi kwenye ncha ya wembe, na yeye akaupuliza.

Nahodha akapelekewa habari, na meli ikaingia horini.

Baada ya miezi minne Wadha alirudi Maskati kwa ajili ya jicho la pili. Ramani ilikuwa bado mezani, haijapigwa chapa. Akainama juu ya kioo, mwanga ukimpanda usoni, akatafuta, akatafuta tena.

"Nyumba zetu ziko wapi?"

Hazikuwapo. Hazikuwahi kuwapo.

"Jiwe lisilokuwepo mmeliandika miaka yote hiyo," alisema Wadha. "Sisi tuliopo je?"

Mahfudha aliona haya. Akavuta kalamu. "Nihesabie, mama."

Wadha akahesabu kwa kidole, toka ufukweni mpaka chini ya jabali: ya Marhoon, ya Muhsina dada wa Marhoon, ya mjane wa jirani. Mahfudha akachora vijisanduku vinane.

"Na ya tisa hapa," alisema Wadha. "Ya mwanangu Msellem. Maji yamefika, anaoa. Ndiyo kwanza anachimba msingi."

Sheria ya kazi haikuruhusu kuchora nyumba ambayo haijasimama. Mahfudha aliichora.