Kochi la Mkuu wa Stesheni

Saa kumi kamili alasiri mjukuu aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akakunja sare ya shule aliyokuwa akiitia mifuko, kisha akatoka uani kuhamisha beseni la nguo. Treni ilipita saa kumi na dakika kumi, na haikuwa na tabia ya kukwepa mabeseni. Reli ya nyuma ya nyumba ilikuwa imeng'olewa miaka tisa nyuma, na babu aliyeitumikia alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita, lakini treni haikuwa imearifiwa lolote kati ya hayo mawili.

"Pete ipo msumarini?" aliuliza bibi kutoka jikoni, ungo wa mchele mapajani.

"Ipo, bibi."

"Hakuna aliyeingia nayo msalani?"

"Hakuna."

Pete yenyewe ilikuwa ya chuma, kubwa kiasi cha kuvaliwa begani. Njia ya reli ilikuwa moja na treni zilikuwa nyingi, kwa hiyo dereva hakusogea mpaka akabidhiwe pete. Mwenye pete ndiye mwenye njia. Kwa miaka thelathini na sita mkabidhi alikuwa babu. Alipostaafu alikuja na pete kuukuu, akaitundika jikoni, akatangaza kwamba choo cha nyumba ni kimoja na watu ni tisa, basi mambo yaende kwa utaratibu. Siku moja mchumba wa shangazi alijisahau, akaondoka nayo begani hadi kituo cha basi. Choo kilikuwa kitupu, mlango wazi, na watu tisa walisimama foleni saa nzima, wengine wamekunja miguu, kwa sababu babu alisema njia haijafunguliwa. Bwana harusi alifuatwa kwa baiskeli. Shangazi aliolewa naye hivyo hivyo.

Majirani walimwita Babu Dakika. Ukimuuliza saa, alikupa na sekunde, na usiposhukuru alikupa tena. Wajukuu walimcheka mbele yake na yeye aliwacheka zaidi, na nyumba ile ilimpenda mpaka ikamzoea vibaya.

Jambo moja tu hakulitania. Kwenye stesheni kuu kulikuwa na ubao wa heshima wenye majina ya waliotumika miaka thelathini bila doa. Jina lake halikuwamo. Kila alipokwenda huko alipitia mlango wa pembeni, hata mvua ikinyesha, asiuone ule ubao. Alipougua, mjukuu alimshika mkono akamwahidi: "Jina lako litapanda, babu." Babu akasema, "Mke wangu mdogo, usiahidi kitu chenye muhuri."

Lakini mjukuu alikuwa ameshaahidi. Baada ya maziko alikwenda kwa karani wa kumbukumbu. Karani alifungua faili, akapuliza vumbi, akamwonyesha mstari mmoja: *Alilala kazini. Treni imechelewa dakika kumi na saba.* Chini yake sahihi ya mkuu wa stesheni.

"Babu hakulala hata kitandani," alisema mjukuu. "Muulize bibi."

"Faili ni faili, dada. Nahitaji shahidi."

"Basi karibu nyumbani kesho saa kumi, ujionee."

Karani alikuja na faili kwapani. Treni iliingia uani kwa wakati wake, ila siku hiyo ilikuwa na rangi ya zamani, ya enzi za kazi ya babu, na badala ya kupita ilisimama. Babu alibisha hodi jikoni, akamwamkia bibi kwa kofia, akampa karani mkono, akachukua pete. Alisimama kando ya pipa la maji, mkono umenyooka, macho makavu kama ya samaki wa sokoni. Mjukuu alimwona akapata kiu ya kumkumbatia, lakini mtu hakumbatiwi akiwa kazini.

Mkuu wa stesheni, ambaye naye alikuwa amekufa siku nyingi, alitokea upande wa kamba ya nguo, akaichukua pete mkononi mwa babu, akaivaa begani.

"Bado kochi la mama watoto," alisema.

"Dakika zinakwenda, mkuu," alisema babu.

"Nani kakuuliza saa?"

Wapagazi wanne walileta kochi jekundu. Halikuingia mlango wa behewa. Walilisimamisha, walililaza, walilifungua miguu.

"Litieni kwa ubavu!" alipiga kelele bibi. Walilitia kwa ubavu, likakwama.

Dakika ya kumi na nne mpagazi mmoja alimwomba karani msaada. Karani aliweka faili juu ya cherehani, akakunja mikono ya shati, akashika upande wake. Kochi likaingia. Mkuu alirudisha pete, babu akamkabidhi dereva, treni ikaondoka saa kumi na dakika ishirini na saba. Kisha mkuu aliegemea ukuta wa choo akaandika kwenye daftari lake, na karani, aliyekuwa nyuma yake akijifuta jasho, aliusoma ule mstari kabla wino haujakauka.

Bibi alimimina chai.

"Umeona," alisema mjukuu.

"Nimeona, dada. Hata kiuno kinaniambia."

"Basi ufute."

Karani aliikoroga chai yake kwa kijiko, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka. Alieleza kwamba fomu ya masahihisho husainiwa na yule aliyeandika, akiwa hai. Tena jina la mkuu ndilo la kwanza kabisa kwenye ubao. Halafu akashusha sauti. "Mimi nina miaka ishirini na sita bila doa. Imebaki minne. Mwenye nguvu mpishe."

Mjukuu alikasirika mpaka ikambidi airudie ile mifuko ya sare mara mbili.

Tangu hapo treni huja kila siku na kochi lake. Karani naye huja siku za Alhamisi kusaidia kubeba, na ni mwema sana. Huja na sukari yake. Faili hajaligusa. Bibi husema laiti yule mama angeagiza viti vya kawaida.

Alhamisi iliyopita, treni ilipokwisha kuondoka, babu alirudisha msumarini pete aliyorushiwa na dereva. Alionekana amechoka. Mjukuu alimsogezea kigoda.

"Keti, babu. Lala kidogo. Pete nitaiangalia mimi."

Babu alichungulia uani. "Karani yupo?"

"Yupo. Anamalizia chai."

"Basi silali," alisema babu, akabaki amesimama.