Swichi Popote

Mwalimu wa fizikia aliishika njia ya karakana ya Koleo kwa hatua za mwanamke aendaye kudai damu. Asubuhi ile mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa ameizima taa ya chumba chake cha kushonea, akapanda juu ya kigoda ili abadilishe balbu iliyoungua. Kidole kikagusa ndani ya holda. Umeme ukamtupa chini, na mkono wa kulia, ule wa kukatia vitambaa, ukavunjika juu ya kiwiko.

Baada ya kumfikisha hospitali, Mwalimu alirejea chumbani mle na bisibisi ya kupimia umeme. Swichi ilikuwa imezimwa, lakini holda bado ilikuwa na umeme. Akazima swichi kuu ya nyumba, akafungua kile kisanduku cha ukutani, akaliona kosa: swichi ilikuwa imefungwa kwenye waya mweusi, ule baridi unaorudisha umeme. Waya wa moto, ule unaoleta umeme, haukukatwa popote, ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye holda, taa iwe imewashwa au imezimwa. Miezi saba, tangu Koleo aufunge, umeme ulikaa pale ukimngoja mtu.

Koleo, fundi umeme aliyepewa jina hilo kwa chombo kisichobanduka katika mfuko wake wa nyuma, alikuwa akikoroga chai. Miaka tisa iliyopita alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Alipomwona akainuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu hakuitikia. Shikamoo ile ikabaki ikining'inia baina yao. Akamweleza mkono uliovunjika na waya aliouona, sauti yake ikipanda kwa kila neno, hata fundi baiskeli wa jirani akaacha kujaza upepo ili asikilize.

Koleo kwanza alijaribu utani, akasema huenda mshonaji alipanda kigodani na mikono yenye majimaji. Alipouona uso wa Mwalimu akaurudisha utani wake alikoutoa.

"Taa inazimika, haizimiki?"

"Inazimika."

"Basi kosa langu liko wapi?"

"Wewe nani alikufundisha kazi hii?" Mwalimu alifoka. "Nani alikwambia swichi unaitupia tu waya wowote?"

Koleo akaweka kikombe chini taratibu.

"Wewe, Mwalimu."

Fundi baiskeli akaguna. Koleo hakumtazama. Akaeleza kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ule ulichoma kuliko tusi. Alisema siku ya somo la mzunguko kulikuwa na betri mbili mezani, balbu ndogo na swichi ya bati. Mwalimu aliiweka swichi kulia kwa balbu, balbu ikazimika. Akaihamishia kushoto, ikazimika. Ndipo akawaambia waandike.

"Swichi yaweza kuwekwa popote katika mzunguko. Kwenye mtihani nikaiandika hivyo hivyo, ukanipa alama zote."

Mwalimu aliikumbuka karatasi ile ya mtihani. Aliiona kalamu yake nyekundu ikipiga tiki. Kwa betri zile maneno yalikuwa kweli tupu, kwani hazina nguvu ya kumdhuru hata mtoto. Lakini umeme wa nyumbani hurejea ardhini kupitia mwili wa yeyote anayeugusa, na hilo hakulitamka. Halikuwemo kwenye mtihani. Miaka kumi na minane alisimama mbele ya watoto wa watu na amana ya elimu mkononi, akawakabidhi nusu. Hasira haikumtoka. Iligeuka tu, ikamwelekea yeye.

"Umefunga nyumba ngapi namna hii?"

"Mtaa wote wa nyuma." Koleo akasita. "Na bweni la wasichana, pale shuleni."

"Chukua ngazi."

Walianza na bweni. Umeme ukiwa umezimwa wote, Koleo alihamisha waya swichi moja baada ya nyingine, na Mwalimu akipima kila holda umeme uliporudishwa, bila kusamehe hata moja. Kwenye kila mlango wa mtaa wa nyuma alitangulia yeye kubisha, akisema kosa ni lake na la fundi. Wengine walimsonya, naye aliipokea misonyo yao, akaenda mlango uliofuata.

Jua la siku ya pili lilikuwa linaelekea kuchwa walipofika kwa mdogo wake, ambaye alikwisha rudi kutoka hospitali, mkono ndani ya plasta. Alipomwona Koleo na ngazi yake akaapa kuwa mtu yule hatavuka kizingiti kile.

"Mwache apite, atengeneze mbele yangu," Mwalimu alisema. "Kisha mfokee. Ukimaliza unifokee na mimi, maana alichokosea nilimfundisha mimi."

Mshonaji akamtazama dada yake, kisha akaitazama mikasi yake juu ya meza, ambayo kwa wiki nyingi isingeshikwa.

"Yeye apite," alisema. "Wewe baki hapo hapo mlangoni. Naanza na wewe."