Harusi ya Maureen kwa Mtindo wa Kijapani

Ukitaka kujua msimamo wa Palak kuhusu katuni za Kijapani, hukuwa na haja ya kumuuliza. Ulisimama tu kwenye kaunta ya studio ya baba yake mjini Kisii, ukisubiri picha zako za pasipoti, na kabla hazijakauka alikuwa amekwisha kukueleza yote. Kwamba katuni za wengine ni kukimbizana na kuangukiwa na nyundo, lakini Wajapani, jamani, Wajapani wanachora mvua! Mtu amefiwa, hawakuonyeshi mtu. Wanakuonyesha jani linalodondosha maji. Picha inasimama, tuli, mpaka wewe mwenyewe unaanza kutafuta leso.

Mikanda ya katuni hizo alitumiwa na binamu yake Mehul, aliyekuwa akisoma London. Ilikuwa Kijapani kitupu, haina tafsiri hata ya neno moja, na Palak hakujua Kijapani hata cha kuombea maji. Hilo halikumzuia kumsahihisha kila mtu.

Kuhusu muziki ndiyo usiseme. Mwaka ule wa tisini na sita sidii zilikuwa zimeanza kuingia madukani, na Palak alikuwa amekata shauri kwamba kaseti ni za kuzikwa. Zinakwaruza, zinanguruma, zinatafunwa na redio. Sauti ya dijitali ni safi, haina vumbi wala kikohozi. Alikuwa na kinanda cha umeme kilichotengenezwa Japani, na ndani yake mlikuwa na filimbi, ngoma, hata kwaya nzima.

"Kwaya, Papa! Na hawavuti pumzi!"

"Asiyevuta pumzi amekufa," alisema baba yake, Umesh, akaendelea kukata picha za pasipoti.

Umesh alikuwa amepiga video za harusi kuanzia Masimba mpaka Nyamira, na alikuwa na sheria zake. Kila kichwa kionekane. Keki izungukwe pande zote. Na wapishi wasisahaulike hata kidogo, maana shangazi aliyekesha na sufuria akikosa kujiona, umempoteza mteja na ukoo wake mzima. Kuhariri alihariri mwenyewe katika chumba cha nyuma, Palak akakaa kaunta. Chumba hicho cha nyuma ndicho Palak alichokitaka kuliko kitu chochote duniani. Alikitaka mpaka akakonda.

Basi mgongo wa Umesh ukamshika. Akalala chali wiki nzima, na mkanda wa harusi ya Maureen wa Nyamache ulikuwa bado haujaguswa.

"Fanya huu," alimwambia bintiye kutoka kitandani. "Mama Maureen akiridhika, chumba ni chako. Asiporidhika, unarudi kaunta, na sitaki kusikia tena habari za Japani katika nyumba hii. Unakaa kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kimya."

Palak alipiga hesabu. Kaunta angeivumilia, lakini kimya?

Sasa huyo Mama Maureen, jina lake Bathsheba, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, mwanamke mwenye sauti ya kusikika kwa jirani hata dirisha likiwa limefungwa. Siku ya harusi aliimba tangu asubuhi mpaka bintiye alipoingia garini kwenda kwa mumewe, Duke, kule Nyamira, na hakudondosha hata chozi. Sokoni alijisifu mpaka wauza ndizi wakachoka. "Wengine hulia," alisema. "Mimi niliimba."

Palak akajifungia chumba cha nyuma na mashine za baba yake. Hotuba alizikata, zote zilisema jambo moja. Keki aliipitisha mbio. Wapishi, Mungu amsamehe, aliwaacha nje kabisa, akaweka jani la mgomba. Kila mahali pazuri alisimamisha picha, tuli, kama Wajapani wenyewe. Kisha akasikiliza ile kwaya. Upepo umeingia kwenye maikrofoni, jenereta inanguruma, mtu anakohoa katikati ya ubeti, na sauti ya Mama Maureen juu ya yote imekwaruza kwa kuimba tangu alfajiri. Palak akaifuta. Juu yake akapiga kinanda, akachagua ile sauti ya kwaya. Alipoisikia, alijikumbatia kwa furaha.

Jumapili, baada ya ibada, Umesh na fimbo yake pamoja na Palak na mashine ya video walifika Nyamache. Sebule ya Bathsheba ilikuwa imejaa pomoni, na jenereta ya kuleta umeme ilinguruma nje. Kwaya nzima ilikuwapo, vikombe vya chai mkononi, televisheni imetandikwa juu kitambaa cha kushonwa. Maureen na Duke hawakuweza kuja, na Bathsheba hakuweza kuwangoja. Umesh akakaa na rimoti kwenye goti, Palak kando yake.

Picha ikaanza. Jani la mgomba. Tone likaanguka. Likaanguka lingine.

"Hii ni harusi ya nani?" aliuliza Persis, shangazi aliyepika.

"Ni mgomba wetu ule wa nyuma ya choo!" alisema Obadiah, mume wa Bathsheba, kwa fahari kubwa. "Tazameni, umetoka vizuri!"

Kisha picha ikasimama juu ya mwavuli mwekundu. Ikakaa. Ikazidi kukaa.

"Imekwama!"

"Haijakwama," alisema Palak. "Nimeisimamisha mimi, ni mtindo wa..."

Obadiah alikuwa amekwisha kufika. Akaipiga televisheni kofi la ubavuni, kama alivyozoea kuipiga redio yake, na wakati huohuo muda wa ile picha ukaisha, ikatembea. Sebule ikalipuka kwa makofi. "Baba Maureen ni fundi!" Ikasimama tena juu ya kiatu cha bwana harusi, akapiga tena, ikatembea tena. Mara ya tatu hakurudi kitini. Alisimama pale kando ya televisheni kama askari, kiganja tayari.

"Na sisi wa jikoni tuko wapi?" Persis aliuliza. Umesh alimtazama bintiye kwa jicho ambalo Palak aliona afadhali kofi.

Halafu ikaja kwaya. Bathsheba akatengeneza kilemba chake, akanyamazisha watu kwa mkono. Pale kwenye kioo akaonekana yeye mwenyewe, kifua mbele, mdomo wazi, na mdomoni mwake kikatoka kinanda.

Mtu aliweka kikombe chini.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Bathsheba.

"Ni dijitali, Mama."

"Sauti yangu iko wapi?"

"Niliisafisha."

"Uliisafisha ikaenda wapi?"

Umesh alifumba macho. "Mama Maureen, mkanda wa kwanza upo. Nitaurudia mwenyewe." Palak alisikia chumba cha nyuma kikifungwa mlango.

Lakini Bathsheba hakuwa mtu wa kungoja. Aliiendea televisheni, akaikata sauti kabisa, akageukia kwaya yake. "Simameni. Tutajiimbia wenyewe."

Wakasimama, chai mkononi, macho kwenye kioo. Mwanzo ilikuwa vituko. Midomo ya kwenye kioo ilifunga na sauti bado zinakwenda, Persis akacheka mpaka akamwagikiwa na chai. Halafu wakaikamata picha. Bathsheba wa kwenye kioo akavuta pumzi, na Bathsheba wa sebuleni akavuta naye, na sauti ile ya kukwaruza ikaingia mdomoni mwa yule wa kwenye kioo barabara. Palak alisisimka mwili. Alikuwa amesoma katika jarida moja alilotumiwa na Mehul kwamba Wajapani hufanya hivyohivyo, picha kwanza, kisha watu husimama mbele yake na kuitilia sauti zao. Hakuwahi kufikiri kwamba watu hao hukohoa. Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo alifurahi mno.

Wimbo ukafika getini. Kwenye kioo Bathsheba alikuwa akiongoza kwaya, mikono juu, mgongo ameupa gari. Nyuma yake Maureen alikuwa ameweka mguu mmoja garini. Akageuka, akamtafuta mama yake kwa macho. Hapo ndipo Palak alipokuwa ameisimamisha picha wakati wa kuhariri.

Sauti ya Bathsheba ilikatika. Wengine wakanyamaza mmojammoja, ikabaki jenereta tu huko nje.

"Alinitazama," alisema Bathsheba. "Mimi nilikuwa nimegeukia huku."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Umesh, polepole, alichukua rimoti kwenye goti lake akaiweka kwenye goti la Palak.

Picha ilikuwa bado imesimama. Obadiah alikohoa, akasogea, akainua kiganja.

"Kaa chini, Baba Maureen," alisema Bathsheba. "Haijakwama."