Koili Nne na Ufunguo Mmoja

Kaka yangu mkubwa tunamwita Meneja, kwa sababu hajawahi kuosha kikombe maishani mwake lakini anajua kila kikombe kinapaswa kukaa wapi. Yeye ndiye aliyetoa amri kwamba Baba asimwendeshe tena Mama kwenda hospitali.

Figo za Mama zimegoma, kwa hiyo husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kwa miaka miwili Baba ndiye aliyempeleka, akamsubiri kwenye benchi saa nne nzima, akamrudisha. Wiki iliyopita, wakiwa njiani kurudi, gari lilianza kutetemeka na kukosa nguvu, likazima katikati ya barabara. Mama alikaa juani saa nzima akiwa hoi. Hilo lingesameheka. Lakini Meneja aliuliza swali ambalo mimi nilikuwa nalikwepa: ile barabara walikuwa wanaelekea wapi? Haikuwa njia ya nyumbani. Ilikuwa njia ya nyumba tuliyohama miaka kumi iliyopita.

"Gari lilikuwa linamisi," Baba alisema. "Nikawa nasikiliza injini, nikapitiliza. Ni koili tu hizo, zimeshindwa kupeleka moto kwenye plagi."

"Baba, hapa tatizo si koili."

"Mimi na wewe nani fundi?"

Wakakubaliana. Baba angebadilisha koili mwenyewe, hapa hapa uani. Meneja angekuja saa saba mchana. Gari likiwa zima, Baba anaendelea kumpeleka mke wake. Likitetemeka, ufunguo anauacha mezani. Nilimchukia kaka yangu siku ile, na nilimchukia zaidi kwa sababu moyoni niliogopa asije akawa anasema kweli.

Asubuhi Baba alivaa koti lake la kazi la bluu, alilostaafu nalo. Alikuwa fundi magari miaka arobaini, na mtaani hadi leo wanamwita Fundi. Alifungua boneti, akalegeza waya wa betri, akatoa kava la plastiki. Koili nne zilikuwa zimejipanga juu ya injini, kila moja imekalia plagi yake ili kuipa moto. Alichukua kichupa cha wino mweupe, akachomoa ya kwanza, akaiandika moja shingoni, kisha mbili, tatu, nne. Mikono yake haikusita hata kidogo. Nilimtazama nikajisikia furaha ya kijinga, nikasema kimoyomoyo, Meneja na aje aone.

"Mwanangu, pembeni kidogo, unanizibia mwanga," aliniambia. "Kaa kama tochi, usikae kama pazia."

Mama akaniita ndani nimsaidie kuvaa kwa safari ya hospitali. Tulichukua muda, maana ule mkono wake wa sindano haukunjiki vizuri. Niliporudi, maboksi manne ya duka la spea yalikuwa yamesimama mstari mmoja kwenye kigoda, yamefungwa kwa vipande vya mpira. Juu ya gazeti, chini, zilikuwa zimelala koili nne.

"Nipe moja moja," Baba alisema. Miwani yake alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso.

Nilifungua boksi la kwanza nikampa. Zilikuwa safi, zinang'aa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa ya simu. Alisukuma kila koili mpaka ikakaa, akabana bolti kwa spana namba kumi, akachomeka waya mpaka ukalia tak. Tulipomaliza, akarudisha waya wa betri, akajifuta mikono, akaketi kwenye usukani kwa madaha kama bwana harusi.

Gari liliwaka. Kisha likatetemeka vilevile. Taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima.

Baba alizima, akawasha tena. Vilevile. "Wameniuzia feki," alisema. Akatoka akaupiga mlango. "Wale vijana wa dukani ni wezi! Miaka yote hii nanunua kwao!" Sauti yake ilipanda mpaka Mama akachungulia dirishani. Kisha ikashuka ghafla. "Au ni waya. Labda waya." Akainama juu ya injini akigusa hiki na kile, na safari hii mikono ilikuwa inasita. Saa sita na robo.

Mimi, kwa hasira na kukosa la kufanya, niliinama kuzoa zile kuukuu nikazitupe. Nikaishika moja. Mpira wake wa kuvalia plagi ulikuwa laini, bado una ungaunga wa kiwandani. Shingoni haikuwa na wino. Nikaigeuza nyingine, nayo haikuwa na wino.

Karakana ya Baba ilikuwa na sheria moja, na kila mteja aliijua: kifaa kikuukuu hakitupwi. Kinasafishwa kwa petroli, kinaingia kwenye boksi la kile kipya, boksi linafungwa mpira, mteja anakabidhiwa ajionee kwamba hakudanganywa. Nilipokuwa ndani, Baba alikuwa amefanya vile alivyofanya miaka arobaini. Ila alikuwa hajafunga mpya kwanza; maboksini zilikuwamo mbovu.

"Baba," nilisema, "nimekosea. Nilikupa zile za zamani. Nilichanganya."

Alishusha miwani. Akatazama gazeti, akatazama maboksi, akaokota mpira mmoja ulioanguka, akauzungusha kidoleni.

"Haya," alisema. "Lete."

Tulifungua zote, tukafunga mpya. Wakati huu alikagua kila moja shingoni kama haina wino kabla ya kuiingiza, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Gari lilipowaka, injini ilitulia kabisa. Ungeweza kusimamisha kikombe cha chai juu yake.

Saa saba kamili Meneja akaingia getini. Alisikiliza injini, akajikuna kichwa.

"Kumbe kweli, Baba," alisema. "Zilikuwa koili. Nisamehe."

Nilimwomba Mungu Baba anyamaze. Tungebaki na siri yetu, mimi na yeye.

"Hapana," Baba alisema. "Wewe ulikuwa sahihi." Hakunitazama. "Leo nimefunga mbovu nikaacha nzima chini, na dada yako amenidanganya ili anifichie aibu. Koili unaifungua unafunga tena. Kesho nitasahau nini, na mama yenu yumo ndani?"

Akachomoa ufunguo, akauweka kiganjani mwangu, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili. Ilinukia petroli. Nililia pale pale mbele ya Meneja, wala sikuona haya.

Niliingia kwenye usukani. Baba alifungua mlango wa nyuma, akaketi, koti lake la kazi akiwa nalo bado. Mama akatoka na kikapu chake. Tangu gari hili linunuliwe, hajawahi kukaa popote isipokuwa kiti cha mbele, kando ya dereva wake. Meneja alikimbia kumfungulia mlango wa mbele. Mama alisimama, akanitazama mimi kwenye usukani, akatazama nyuma.

Akaufunga ule mlango mwenyewe, akafungua wa nyuma.

"Sogea huko, Mzee," alisema.