Bomba Alilorudisha Sostenes

Mbuke alimkuta mumewe, Maduhu, amepiga magoti katikati ya mahindi, bomba la kupulizia dawa bado liko mgongoni, udenda unamchuruzika kidevuni. Maduhu alijaribu kumwita jina, ulimi ukagoma.

Shati lilikuwa limelowa mgongo mzima. Kifuniko cha bomba kilikuwa kinavuja, na jua lilikuwa kali. Mbuke alijifunga mfuko wa plastiki mkononi, akalichana lile shati, akammwagia mumewe maji na kumsugua kwa sabuni ya kufulia. Jirani yao Nyamizi akaja mbio na kikombe cha maziwa.

"Usimnyweshe kitu!" Mbuke alifoka. "Hata mate yanamshinda. Niitie bodaboda!"

Walimweka katikati, Mbuke nyuma amemkumbatia, chupa ya dawa ameifunga kwenye mfuko. Barabara ya Katoro ilikuwa mashimo matupu, na Maduhu akamtapikia dereva begani. Dereva aliongeza mwendo tu.

Kwenye kituo cha afya, Daktari Violeth alisoma maandishi ya chupa, kisha akammulika mgonjwa machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Kifua kilikoroma kama mtu anayezama.

"Mama, hii ni dawa ya magugu, jamii ya sumu ziitwazo kabameti. Si ya kugusa ngozi wala kuvuta mvuke wake. Lakini ya aina hii kwa kawaida haimwangushi mtu hivi. Wakali ni wale ndugu zake wa kuua wadudu. Kwenye bomba kulikuwa na nini kingine?"

"Sijui. Shemeji yangu alilirudisha asubuhi. Alikuwa anapulizia pamba."

"Mpigie. Sindano naanza sasa hivi, maana dalili naziona. Ila sumu za wadudu ziko za namna nyingi, na matibabu ya mbele hayafanani."

Sostenes alipokea huku kelele za mnada zikisikika nyuma yake.

"Bomba nililirudisha safi," alisema, kabla hata hajaulizwa vizuri.

"Shemeji, hapa hatugombani. Kaka yako anakata roho. Ulibakiza nini humo?"

Kwa mlango uliokuwa wazi Mbuke aliona miguu ya Maduhu ikirukaruka kitandani, nesi ameikandamiza.

"Sostenes!"

"Dawa ya wadudu," sauti ilimtoka ndogo. "Ilibaki chini kidogo. Bomba sikuliosha. Nilijua ataliosha yeye." Akataja jina la dawa hiyo.

Daktari alipotajiwa jina lile aliitikia kwa kichwa. "Nayo ni kabameti. Afadhali, haing'ang'anii mwilini muda mrefu. Tukimvusha kwenye shida hii ya pumzi, atapona." Akajaza sindano nyingine.

Mbuke alikaa sakafuni, mikono bado inanuka sabuni, akisikiliza ule mkoromo. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Jua lilipoanza kuinama, ukakatika. Aliruka akasimama, akamkuta Maduhu anapumua kimya kimya, jasho linamkauka usoni.

"Maji," Maduhu alinong'ona.

Kesho yake Sostenes alikuja na chupa ya uji, akasimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi. Mbuke aliupokea uji, akaanza kumnywesha mumewe kwa kijiko. Hakumwambia shemeji yake karibu, wala hakumwambia aondoke.